Mwenye Kuamka Usiku na Ndoto Yake: Namna ya Kurejea Usingizini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kurehemu na kuneemesha. Sifa zote njema ni zake, aliyetujaalia usiku kuwa stara na usingizi kuwa raha ya miili; na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Darasa hili limeandikwa kwa ajili ya ndugu zetu wa Kiriba, na Mugango, na Majita, na jirani zetu wa Bunda na Butiama, na kila atakayelisoma. Masala yenyewe ni haya: mtu huamka katikati ya usiku, ndoto ingali mbele ya macho yake, na usingizi umemtoka. Afanye nini na ndoto ile ili arudi kulala?

Wala msidhani ya kuwa masala haya ni madogo. Mvuvi wa dagaa hutoka ziwani na taa zake katika usiku wa kiza, na siku za mbalamwezi hupumzika. Akiota usiku wa mapumziko ya kwamba chombo kimepinduka, kisha akakaa macho hata kukicha, siku ya kurudi kazini atashika kasia hali ana usingizi. Na sisi watu wa Ziwa Viktoria, tuliosikia habari ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na ya MV Nyerere kule Ukara tarehe 20 Septemba 2018, twajua maji hayamsamehe mwenye kusinzia. Na mama aliyemwota marehemu baba yake hulala akijiuliza, je, mzee ataka nini? Na kijana wa chuoni aliyeota ndoto ya ujana huona haya na shaka, asijue kama yampasa kuoga saa ile ile, basi hana usingizi wala hana josho.

Watatu hawa, ukiwatazama sana, ndoto siyo iliyowanyima usingizi. Kilichowanyima ni hukumu walizotaka kuzipitisha gizani, hali wamelala chali. Na neno tutakalolieleza ni hili: ndoto usiku haihukumiwi. Iliyo njema huchukuliwa iwe njia ya kurejea usingizini. Iliyo mbaya hupewa haki yake ya sunna, ikaachwa. Na maana yake, kama inayo, hungoja mchana.

MLANGO WA KWANZA: USINGIZI ULIVYO

Jua, ewe ndugu, ya kwamba usingizi si kitu kimoja kilichonyoka tangu Isha hata Alfajiri. Huenda kwa zamu, na kila zamu yapata dakika 90, hata mtu mzima akapitia zamu nne au tano, pengine sita, kwa usiku mmoja. Ndani ya zamu mna usingizi mzito, kisha huja usingizi wa namna nyingine, ambao macho hutikisika upesi chini ya kope, na viungo hulegea, na ndoto zilizo wazi huja kwa wingi. Jambo hili la macho lilitangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Waliwaamsha watu wakati macho yao yakitikisika, wakawauliza, na wengi wao wakasimulia ndoto.

Katika hayo mna faida tatu.

Ya kwanza: sehemu ile ya ndoto huwa fupi mwanzo wa usiku, na hurefuka kadiri Alfajiri inavyokaribia. Kwa hiyo mwenye kuamka katika thuluthi ya mwisho ya usiku aghlabu hutoka katika ndoto. Si ajabu, wala si dalili ya kitu.

Ya pili: kuamka kidogo baina ya zamu na zamu ni tabia ya mwili. Watu wote huamka hivyo, illa wengi hulala tena wasijue. Anayekosa kulala aghlabu ni yule aliyeogopa kule kuamka.

Ya tatu: ndoto huyeyuka upesi. Ukijinyoosha, ukawasha taa, ukatazama simu, au ukaanza kuhesabu deni, mara imekwenda. Mwenye kutulia hali amefumba macho, hubaki na ncha yake mkononi.

Na jambo moja la huku kwetu. Sisi tu magharibi ya Unguja na Tanga, hali saa zetu ni moja. Kwa hiyo jua letu hutoka nyuma ya lao, baina ya saa 12 na nusu hivi na karibu ya saa 1, kwa kadiri ya nyakati za mwaka. Basi aliyeamka saa 8 za usiku bado ana saa tatu na ushei kabla ya Alfajiri. Asiseme usiku umekwisha.

MLANGO WA PILI: NDOTO NI NAMNA TATU

Amepokea Abu Huraira (r.a.), katika Sahihi ya Muslim, ya kuwa Mtume (s.a.w.) alizigawa ndoto mafungu matatu: njema, nayo ni bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu; ya kuhuzunisha, nayo yatokana na shetani; na ile ambayo mtu huizungumza na nafsi yake. Fungu hili la tatu ndilo tulionalo mara kwa mara. Mvuvi huota nyavu, mwenye deni huota mdai wake, mwanafunzi huota ubao na fimbo.

Sasa angalia hekima yake. Mtu aliyeamka saa 8 hawezi kujua ndoto yake ni ya fungu gani, wala sharia haikumkalifisha kujua. Aliyokalifishwa ni adabu tu: akiona la kupendeza amshukuru Mola wake, wala asimweleze illa ampendaye, akiona la kuchukiza ajikinge, wala asimweleze mtu. Nabii Yaakub (a.s.) alipoelezwa na mwanawe Yusuf (a.s.) ndoto yake, la kwanza alilomwambia ni kuificha kwa nduguze.

MLANGO WA TATU: NDOTO NJEMA, NA NAMNA YA KUIFUATA

Ukiamka na ndoto njema, au isiyo na dhara, fanya haya kwa taratibu.

1. Usiondoke mahali pako, wala usifumbue macho, wala usitafute saa ni ngapi. Mtaje Mwenyezi Mungu kwa ulimi mwepesi. Ubada bin Samit (r.a.) amepokea, katika Sahihi ya Bukhari, fadhila kubwa ya anayegutuka usiku akamshuhudia Mungu kwa upweke wake, akamhimidi, akamsabihi, akamkabiri, na kukiri ya kuwa hapana hila wala nguvu illa kwake, kisha akiomba maghufira au dua hujibiwa. Dhikri hii haihitaji udhu, na hata mwenye janaba aweza kuisema.

2. Ishike picha ya mwisho ya ndoto. Usiulize maana. Uliza tu: nilikuwa wapi? Palikuwa na nuru gani? Maji yalikuwa na rangi gani? Nani alikuwa kando yangu? Kisha rudi nyuma hatua moja: kabla ya hapo nilitoka wapi? Enda polepole kama atembeaye ufukoni asiye na haraka.

3. Picha ikikatika, usiikamate kwa nguvu. Iendeleze wewe mwenyewe kwa jambo la upole. Kama ulikuwa njiani, endelea na njia. Kama ulikuwa ukiteka maji, jaza mtungi. Usishindane na usingizi, kwani usingizi hauji kwa amri. Wewe tembea tu, utakuchukua huko huko.

4. Ikiwa hukumbuki ndoto yoyote, chukua ndoto njema ya zamani, au mahali pa kweli palipokutuliza: pwani ya Mugango asubuhi, maji yamelala, mitumbwi imepandishwa mchangani, dagaa wameanikwa, na sauti za watu zatoka mbali. Zunguka humo kwa moyo wako, uone, usikie, unuse.

Mtu aweza kusema: je, hili lina ushahidi? Naam. Mwaka 2002 Allison Harvey na Suzanna Payne wa Oxford, Uingereza, walitangaza jaribio lao kwa watu 41 wenye kukosa usingizi. Walioambiwa kujaza nia zao kwa picha moja ya kupendeza na kutuliza walieleza ya kuwa walilala mapema kuliko walioachwa bila maelekezo. Jaribio lilikuwa la mwanzo wa usiku, na picha haikuwa lazima iwe ndoto. Walakini sababu ni ile ile. Moyo hauwezi kukaa tupu. Ukiuambia usifikiri deni, utafikiri deni; ukiupa pwani ya kutembea, deni halina pa kukaa.

Wala usiwashe taa ili uandike ndoto. Ukitaka kuihifadhi, andika mstari mmoja asubuhi baada ya Sala. Na njia hii ni ya kitandani, si ya chomboni: aliye zamu ziwani, au anayeendesha gari, kwake kufuata ndoto ni hatari. Mvuvi alalaye mchana aitumie mchana, akiziba mwanga kwa kitambaa machoni. Qur'ani katika Sura ya Rum imeuhesabu usingizi wa usiku na wa mchana pamoja katika dalili za Mwenyezi Mungu.

MLANGO WA NNE: NDOTO MBAYA

Ukiamka na fazaa, yamepokewa katika Sahihi ya Muslim mambo haya: upulize kushotoni mara tatu, mpulizo wenye mate machache; uombe kinga kwa Mwenyezi Mungu na shetani mara tatu; ugeuke ubavu mwingine usiokuwa ule uliolalia. Na katika riwaya nyingine, uinuke ukasali, wala usiwaeleze watu. Mtume (s.a.w.) ameahidi ya kuwa ndoto ile haitamdhuru mwenye kufanya hivyo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameyakusanya haya katika kitabu chake Al-Adhkar, na humo amefanya mlango wa mwenye kufazaika usingizini, na mlango wa anayehangaika kitandani asipate usingizi.

Zingatia mpango wake. Kwanza kugeuka na kubaki kitandani. Kwa wengi hili latosha. Ukiona usingizi hauji kwa muda kama wa robo saa, na moyo wadunda, usikae ukigaagaa. Inuka, utie udhu, usali rakaa mbili bila ya kuharakisha, kisha ukae katika mwanga hafifu hata macho yawe mazito, ndipo urudi. Richard Bootzin, mwanachuoni wa Marekani, tangu mwaka 1972 aliwafunza wasiolala jambo lililo karibu na hili: asiyepata usingizi aondoke kitandani, arudi akisinzia, ili kitanda kisiwe mahali pa mahangaiko. Sisi hatukungoja mwaka 1972 ili tuifuate sunna. Lakini ni vyema mtu kujua ya kuwa aliyofundishwa yana manufaa kwa mwili kama yalivyo na thawabu kwa roho.

Na ikiwa ni ndoto moja irudiayo mara kwa mara, kama ya chombo kupinduka, ina dawa ya mchana. Kaa mahali petu na nuru, uikumbuke kwa ufupi, kisha uibadili mwisho wake upendavyo: mawimbi yametulia, umeshika ubao, wenzako wamekufikia, umefika Mugango salama. Upitie mwisho huo mpya moyoni dakika 10 au 20 kila siku. Barry Krakow na wenziwe walitangaza mwaka 2001 jaribio la namna hii kwa wanawake 168 waliopatwa na dhuluma ya kuingiliwa kwa nguvu, na waliofunzwa walipungukiwa na ndoto za kutisha, usingizi wao ukawa bora. Basi ukiamka usiku na ndoto ile, baada ya kujikinga, ufuate mwisho mpya uliouzoea, usifuate ule wa zamani.

MLANGO WA TANO: HUKUMU ZIMUONDOLEAZO MTU SHAKA

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi (r.a.), mwenye kuota ndoto ya ujana ana hali tatu, na mwanamke katika hili ni kama mwanamume, kwani Umm Sulaim (r.a.) aliuliza kwa niaba ya wanawake, akajibiwa ya kuwa josho lawapasa wakiyaona maji.

Hali ya kwanza: akumbuka ndoto, wala hakuona manii. Hapana josho juu yake, hata kama ndoto ilikuwa wazi kama mchana.

Hali ya pili: ameona manii kwa yakini, wala hakumbuki ndoto. Josho ni wajibu.

Hali ya tatu: ameona majimaji, na ana shaka kama ni manii au madhi. Ana hiari: akiyahesabu manii ataoga, akiyahesabu madhi ataosha palipopatwa na kutia udhu.

Waona ya kuwa hukumu haikufungwa kwa kumbukumbu ya ndoto, bali kwa kilichoonekana. Basi hapana haja ya kulala macho ukijikumbusha. Na aliyepasiwa na josho saa 8 si lazima aoge saa ile. Yafaa kulala hali ana janaba, na sunna aoshe tupu yake na kutia udhu, maadamu ataamka kwa wakati akaoga na kusali Alfajiri. Na katika Ramadhani, kuota hivyo mchana hakuharibu saumu.

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Nimemwota marehemu, naye ataka kitu. Je, nitalalaje bila ya kujua?

Jawabu: Jirani zetu Wajaluo wa Rorya wana desturi ya kale ya kumpa mtoto jina la mzee aliyekuja ndotoni. Jina likiwa na maana njema halikatazwi. Lakini ndoto haimpasi mtu kitu. Imam Nawawi ameeleza ya kuwa hata mtu akimwota Mtume (s.a.w.), usiku wa thelathini wa Shaabani, akimwambia kesho ni Ramadhani, haifungwi saumu kwa ndoto ile. Sembuse jina, au tambiko! Mwombee marehemu dua moja pale pale, kisha ulale. Asubuhi mtolee sadaka ukiweza, na kama ndoto ilitaja deni, tafuta mashahidi kwa walio hai.

Suali: Kuubadili mwisho wa ndoto si uwongo? Nasi twajua onyo kali kwa mwenye kudai ndoto ambayo hakuiona.

Jawabu: Onyo lile, lililo katika Sahihi ya Bukhari, ni juu ya mwenye kutoa habari ya uwongo. Anayepitisha picha moyoni mwake hakumwambia mtu ya kuwa ameiona. Akisimulia mwisho alioutunga na kusema "nimeota hivi", hapo ameingia katika onyo.

Suali: Je, si bora kuamka na kusali tahajudi kuliko kurudi kulala?

Jawabu: Mwenye uwezo na aamke, na hiyo ndiyo daraja tukufu. Lakini Mtume (s.a.w.) alimfunza Abdallah bin Amr (r.a.) ya kuwa mwili una haki, na jicho lina haki, na amemwamrisha mwenye kusinzia ndani ya sala alale kwanza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameuhesabu usingizi ulioshikiwa adabu zake kuwa miongoni mwa nyiradi za usiku. Basi lala kwa nia ya kuwahi Alfajiri, na usingizi wako utakuwa taa.

Suali: Nipo na kitabu cha Ibn Sirin cha tafsiri za ndoto. Nikisome nikiamka?

Jawabu: Ibn Sirin alifariki mwaka 110 wa Hijra, naye alikuwa mwanachuoni mkubwa, walakini kitabu kiuzwacho masokoni kwa jina lake hakikuandikwa kwa mkono wake. Kukisoma saa 8 za usiku ni kujitafutia mkesha.

TANBIHI

Si kila kukosa usingizi hutibiwa kwa adabu ya kitanda. Aliyekosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu, aende hospitali. Kadhalika anayepiga ngumi au kuruka kitandani akiwa ndotoni, na anayekoroma hata pumzi zikakatika. Na dawa nyingine huleta ndoto kali, kama mefloquine ya malaria, au efavirenz, iliyotumika sana zamani kwa wenye virusi vya ukimwi. Usiiache dawa kwa rai yako, mweleze tabibu. Kutafuta dawa ni sunna, wala hakupingani na kutawakali.

KHATIMA

Ewe ndugu, ukiwa na udhu, ukalalia ubavu wa kuume, ukasoma uliyozoea kusoma, umekwisha kuikabidhi roho yako kwa aliye macho daima. Ukiamka katikati ya usiku, hukuachwa. Mtaje, ufuate lililo jema katika uliyoyaona, uliache baya kushotoni mwako, ulale.

MASUALI YA MWANAFUNZI

1. Ndoto ni namna ngapi, na aliyeamka usiku amekalifishwa nini?
2. Kwa nini anayeamka karibu na Alfajiri aghlabu hukumbuka ndoto?
3. Taja mambo yafanywayo kwa ndoto mbaya, kwa mpango wake.
4. Mtu akumbuka ndoto ya ujana wala hakuona kitu. Yampasa nini?
5. Kuna tofauti gani baina ya kuubadili mwisho wa ndoto moyoni na kudai ndoto ambayo mtu hakuiona?

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Twamwomba awape utulivu wasiolala, na awarejeshe salama walio ziwani usiku huu. Amin.